Mchanga Ulioondoka Chini ya Miguu Yetu

Nilizaliwa upande wa Wamaza, milimani, kwenye vijito ambavyo mtu anaruka bila kulowa. Ndoa ndiyo iliyonileta Nyangwe, kwenye Lualaba, nami nikauogopa mto ule tangu siku ya kwanza. Mama mkwe wangu alinishika mkono akanionyesha mahali pake pa kuloweka mihogo: chini ya ukingo, maji ya magotini, mchanga mgumu kama sakafu.

"Hapa maji haina ubaya, binti yangu," aliniambia.

Nilimwamini. Kwa miaka mingi tuliloweka mihogo yetu pale.

Kisha wakaja watu wa mradi wa umeme. Hawakujenga bwawa. Walileta mashine zenye mapanga kama ya feni, wakazining'iniza majini chini ya maboya ya chuma, wakazifunga kwa nyaya mbele ya ukingo wetu ili mkondo uzizungushe. Nilifurahi kama wengine. Materinite, nyumba ya wazazi, ilipata taa, na sisi wanawake tulikuwa tumechoka kuzalishwa kwa tochi.

Mvua zilipokuja, maji ya pembeni, yale yaliyokuwa yakilala, yakaanza kukimbia. Vikapu vya mihogo tulivyofunga kwenye kigingi vilivutwa hadi kamba zikakaza. Asubuhi moja niliposhuka na beseni, mguu wangu ulitafuta mchanga ukaukosa. Maji yakanifika kifuani. Nilitoka nikitambaa.

Nilipomweleza mume wangu, alicheka. "Wewe mutu wa milima, hata mvua inakuogopesha."

Mama mkwe hakucheka, ila alisema mto huchukua mchanga na kuurudisha, ameyaona hayo tangu utoto. Na kweli mchanga ulikuwa umeonekana kwingine: nyuma ya mashine, kule mkondo uendako, palikuwa na fungu jipya ambalo ndege walisimama juu yake katikati ya mto. Mama alilitazama sana siku ile. Hata hivyo tuliendelea kushuka, maana mihogo ilikuwa inangoja na watoto wanataka kula. Nilianza kuota ardhi inayokatika.

Siku jambo lenyewe lilipotokea, nilikuwa nimepanda juu kutua beseni. Niliona ufa kwenye udongo, mwembamba, umepita kati yangu na nyasi za ukingoni. Mama alikuwa chini akiosha mihogo. Nilifungua kinywa kumwita na ukingo ukaondoka. Haukupiga kishindo nilichokitarajia. Ulitoa pumzi tu, kama gunia linalotupwa chini, na mahali alipokuwa amesimama pakawa maji mekundu ya udongo.

Sikuweza kusogea. Niliona kitambaa chake cha kichwa, kisha mkono, kisha kichwa chenyewe, vikienda kasi kuelekea kwenye mashine.

"Simamisha mashine!" nilimlilia mlinzi wa mradi, aliyekuwa amekaa kwenye kibanda chake. "Simamisha, mutu iko majini!"

Alikimbilia sanduku la umeme akavuta mkono wa breki. Sijui mapanga yalisimama lini. Nilikuwa nimefumba macho, na jambo hilo linanisumbua mpaka leo, kwamba sikuthubutu kutazama. Nilipofumbua, mama alikuwa amepita pembeni ya boya na kukwama kwenye lile fungu la mchanga. Alikuwa amepiga magoti, anatapika maji, na mkondo unamvuta nguo. Mvuvi mmoja alimfuata kwa mtumbwi akizunguka mbali ili asinaswe na nyaya. Alimleta akiwa hai, mkono umevunjika.

Injenieri wa mradi alikuja kutoka Kasongo kwa pikipiki. Alichovya fimbo ndefu kando ya ukingo, akarudia mara nyingi, na uso wake ukabadilika.

"Mashine inapunguza maji kasi hapa katikati," alitueleza, "basi maji yanatafuta njia ya pembeni na kukimbia zaidi. Iko inakula chini ya ukingo. Mchanga inaotoa huku, inaenda kuumwaga kule nyuma, maji yanakotulia. Tulipima wakati wa kiangazi tu. Tulipaswa kungoja mvua."

"Na nyumba zetu?" niliuliza.

Alitazama nyumba iliyo karibu na mto kabla ya kujibu. "Hiyo ya mbele, watu watoke leo."

Walitoka jioni ileile, wakibeba vitanda vyao. Baadaye mashine zilisogezwa kwenye kina, mbali na ukingo, na vijana wakapanda matete na mianzi. Ukingo umetulia kidogo, lakini mchanga wetu haujarudi.

Sasa naloweka mihogo kwenye pipa nyuma ya nyumba. Mama amepona, mkono umebaki umepinda, na ameshaanza tena kushuka kufua, mahali pengine alipopachagua mwenyewe. Kila akichukua beseni ananiita twende.

"Twende, binti yangu. Maji imetulia."

"Tangulia, mama," namjibu, halafu nasimama mlangoni, nikisikiliza ardhi mpaka arudi.