Mgeni Aliyerudishwa Mtoni

Sogea kidogo, msomaji, nikusimulie habari za mama tuliyemzika Kahororo juma lililopita. Aliuza samaki sokoni Bukoba miaka mingi, na nyumbani kwake Bilele sikuwahi kutoka bila kula.

Nikimkumbuka, namkumbuka kwa ningu. Kama humfahamu, ningu ni samaki wa ziwa letu na mito inayoliingia. Hana kwao kwingine duniani. Mvua kubwa zikianza hupanda mito kwenda kutaga. Watu nao hutega nyavu na migono, ile mitego ya kusuka, palepale mtoni, kwa kuwa mwenye mayai ndiye mtamu, ndiye wa kumkirimu mgeni. Ukimla huyo umekula na watoto wake, ndiyo maana siku hizi ningu ni wa kutafuta. Mama yule hakumuuza mwenye mayai. Wateja walimtania: "Mama, hii ni meza ya samaki au wodi ya wazazi?" Akawajibu: "Wodi. Na muda wa kutazama wagonjwa umekwisha. Chukua sato."

Msimu mmoja wa mvua tulimsindikiza Muleba kumposea mtoto wa kaka yake, aliyemlea mwenyewe. Baba wa binti akatoka na ndoo, ndani yake ningu mzima, tumbo limejaa. "Waitu, ndugu zetu, ametoka mtoni sasa hivi. Ni wenu." Sote tukamtazama mama. Kukataa chakula siku ya posa ni kumkataa binti, na kijana wetu alishaanza kutoka jasho. Mama akapiga magoti, akapokea ndoo kwa mikono miwili. "Tumeheshimika, baba. Ila mgeni wenu huyu ni mjamzito. Kwenu mjamzito mnamtia chunguni, au mnampeleka kwao akajifungue?"

Bibi wa binti akaangua kicheko: "Kwao! Mpelekeni kwao, sisi tutakula ndizi na maharage!" Tukateremka wote mtoni, wakwe kwa wakwe, baba mwenyewe kabeba ndoo. Na binti tulimpata.

Wengi wetu tunaopenda ziwa hili tunajua kukaripia tu. Yeye alimwachia mtu nafasi ya kubadilika, heshima yake ikiwa bado mkononi. Mazikoni, mkwe yule wa Muleba aliniambia taratibu, "Mvua zikianza, kwetu migono tunaitoa mtoni."

Basi nawe, mvua zikianza, ukiuziwa ningu mwenye tumbo la mayai, mwache. Chukua sato.