Ndizi Kavu za Bibi

Nilipomaliza chuo nikarudi Tukuyu bila ajira, nilipewa kazi ya kumlisha mtoto wa dada. Dada alikuwa akiingia zamu kwenye kiwanda cha chai, mtoto alikuwa ametimiza miezi sita na siku kadhaa, na mimi nilikuwa na daftari la vyakula vyake vipya, kimoja kimoja. Parachichi lililoiva, siku tatu, angalia ngozi na choo. Ndizi mbivu ya kuponda, siku tatu. Papai. Kwenye ukurasa wa mwisho niliandika maneno ya muuguzi wa kliniki kuhusu mtoto akikabwa na chakula, na kuyapigia mstari: akikohoa kwa sauti, mwache akohoe, akinyamaza, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, umpige mgongoni kwa kiganja.

Ukurasa huo niliusoma kila asubuhi kabla ya kushika kijiko.

Siku moja asubuhi bibi yetu alikuja kutoka Suma na mfuko wa ndizi alizozikausha mwenyewe, jua likiwepo zinaanikwa nje, lisipokuwepo zinapanda darini jikoni, juu ya moto. Vipande vyeusi, vigumu kama soli ya kiatu.

"Na huyu ataonja," alisema.

"Bibi, hizo zitamkaba."

"Ndicho ulichosomea miaka yote hiyo?"

Mchana mvua ilishuka ghafla, nikakimbilia nguo kambani. Niliporudi nimezikumbatia, mfuko wa ndizi ulikuwa wazi, na mtoto yuko mapajani kwa Bibi, ulimi nje, uso umekunjamana, machozi yanamtoka.

Nikaziachia nguo zote. Nilikuwa nimeshanyoosha mikono nimnyakue, ndipo nikasikia. Alikuwa anakohoa, tena kwa sauti. Nikajizuia. Sijawahi kufanya mtihani mgumu kuliko kusimama pale bila kumgusa. Akakohoa mara ya pili, akatema kitu cha kahawia kwenye khanga ya Bibi, akapiga chafya, kisha akafungua mdomo akitaka kingine.

Nilikigusa kwa kidole. Kilikuwa laini kama uji, hakina hata uzi.

"Nimemjazia kijiko," Bibi alikiri. "Hapo nimekosea."

Akasogeza bakuli lililofunikwa kwa kisahani. Ndani mlikuwa na ndizi kavu aliyoiloweka kwenye maji ya moto tangu asubuhi, akaiponda, akaipitisha kwenye chujio la chai.

"Bibi, ungeniambia."

"Uliniuliza? Mimi meno yaliisha zamani. Ulidhani nazila vipi? Mimi na huyu mwenzangu tunakula sawa."

Nikakaa palepale sakafuni, nikacheka mpaka mtoto naye akacheka. Tangu aanze kula, ilikuwa mara ya kwanza kifua changu kulegea. Nikavuta daftari: ndizi kavu, ya kulowekwa, kupondwa na kuchujwa, ncha ya kijiko tu. Siku tatu.

"Andika na hili pia," alisema Bibi, "kwamba umekalia sare ya dada yako."