Mafuta ya Tromboni na Krimu ya Bibi

Asubuhi inayonijia akilini kuliko zote, mwanangu, ni ile ya Sikukuu ya mwaka juzi, tromboni ilipokataa kufunguka. Usicheke kwa kuitwa mwanangu. Najua tunasoma skuli moja, na najua wewe ushaanza kuota ndevu wakati mimi zangu bado naziombea dua. Lakini mwakani chombo hiki kinakuja mikononi mwako, na anayepuliza tromboni huzeeka mapema. Basi kaa, nikupe nasaha kabla sijaanza kusahau majina ya watu.

Tromboni haina vibonyezo kama tarumbeta. Ina mkono, yaani mrija mrefu ulioingia juu ya mwenzake, ambao unausukuma na kuuvuta ili sauti ishuke na kupanda. Mkono ukitembea, wewe ni mwanamuziki. Ukikwama, wewe ni mtu aliyekumbatia bomba.

Mwaka ule chupa ya mafuta ya skuli, inayoletwa kwa meli, ilikuwa imekwisha na nyengine haijafika. Nikawa naulainisha mkono kwa maji matupu, nao unalalamika kama mlango wa choo. Siku ya mwisho ya mazoezi, Mzee Feruzi, mwalimu wetu wa bendi, alinisikiliza mpaka mwisho wa wimbo, kisha akasema kwa upole, mbele ya wote:

"Sikukuu tunapiga Mnazi Mmoja, mji mzima unatutazama. Ukikwama pale, chombo nampa Hamza."

Hamza alikuwa mpiga ngoma kubwa, ana mikono mirefu kama makasia. Akaanza kuinyoosha pale pale.

Nikamwendea Bibi na huzuni yangu. Bibi, mama yake mama, ndiye aliyenilea. Anapika mafuta ya nazi na kuyauza mtaani, na wanawake wanayanunua kwa sababu ya uso wake, ambao mpaka leo hauna mkunjo. Kila mteja humwambia, "Hivi vikopo vya krimu vya dukani vinaozesha uso. Mimi sijapaka kitu maishani mwangu ila nazi."

Jioni ya kutazama mwezi nilipanda darini na wenzangu. Niliposhuka, nilimkuta Bibi jikoni, tromboni mapajani, keshaupaka mkono mafuta yake yale mazuri anayowawekea maharusi. Nikausukuma. Ukateleza kama hauna uzito.

"Haya, mume wangu," akasema, maana bibi zetu ndivyo wanavyotutania. "Kitu kikikwama kinapakwa mafuta. Huko skuli mnasoma nini hasa?"

Nikambusu mkono, nikaenda kulala roho yangu baridi.

Sasa, kila mtu wa Unguja analijua jambo moja ambalo usiku ule sote wawili lilitupita. Sikukuu ile iliangukia kipupwe. Na wakati wa kipupwe chupa ya mafuta ya nazi huamka nyeupe, ngumu kama mshumaa, mpaka uianike juani ndipo ujipake. Jikoni kulikuwa na joto la makaa. Chumbani kwangu kuna kuta za mawe na dirisha lisilofunga.

Asubuhi nikauvuta mkono, haukuja. Nikauvuta kwa nguvu, nikaja mimi.

Na hapo hapo hodi. Mzee Feruzi alikuwa akiwapitia wapigaji wake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona unalikaba shingo, limekutukana?"

"Limeganda. Bibi kaniharibia—"

Sikumaliza. Bibi alikuwa mlangoni na kanga yake mpya ya Sikukuu, na uso ule unaouza mafuta mtaa mzima ulikuwa umemshuka. Keshafahamu.

Mzee Feruzi akaunusa mkono wa tromboni, kisha akanitazama mimi, si chombo.

"Umezaliwa, kakupaka mafuta haya haya. Umekwenda jandoni, kakupaka haya haya. Kuna siku uliganda? Basi funga kwanza huo mdomo wako, kisha tuufungue mkono."

Mwanangu, nimekwishachapwa skuli, na kwa haki kabisa. Hakuna fimbo iliyonifika mbali kama maneno yale.

Bibi akaleta birika la maji aliyokuwa keshayapasha moto ya kuogea. Tukayamimina juu ya mrija polepole, yawe ya moto ila yasiwe ya kuchemka, mpaka nazi ikayeyuka na mkono ukaachia. Mzee Feruzi akafunga kitambaa kwenye kijiti laini, akapitisha ndani na sabuni, akasuuza, akakausha. Ukawa safi, lakini ukarudi kulalamika.

"Sasa mrija wa ndani unapakwa krimu ya uso," akasema. "Ile ya dukani. Kidogo tu, na maji."

Maduka yote yalikuwa yamefungwa. Nikasema nikagonge kwa jirani.

"Usende kokote," akasema Bibi.

Akaingia chumbani. Tukasikia ufunguo, tukasikia kifuniko cha kasha. Akatoka na kikopo kilichofungwa ndani ya leso, krimu ya dukani, kimeliwa nusu.

"Cha mgeni," akasema. "Alikisahau."

"Mgeni gani, Bibi?"

"Mgeni."

Mzee Feruzi akatazama boriti, moja baada ya moja, kama anataka kuinunua nyumba. Kisha akachota kwa ncha ya kidole na kusema kwa heshima zote, "Mgeni wako Mungu ambariki, Bi Salma." Akapaka juu ya mrija, akafuta mpaka ukadhani hakuna kilichobaki, akanyunyiza maji. Mkono ukashuka wenyewe.

Mnazi Mmoja nilipiga bila ya kukwama hata mahali pamoja, na Hamza akabaki na ngoma yake. Tulipopumzika, wanawake wa mtaani wakaniita. Bibi alikuwa katikati yao, ananitazama kama mshtakiwa anavyomtazama shahidi.

"Ati kijana, hilo dude mbona linateleza hivyo? Unalipaka nini?"

Nikasema, "Bila ya Bibi yangu na mafuta yake, mimi nisingesimama hapa leo."

Na huo ulikuwa ukweli mtupu. Bibi akainamisha kichwa, akaitengeneza kanga yake ambayo haikuwa na kasoro. Wiki ile mafuta yake yalikwisha yote. Ruhusa ya kukusimulia haya nimemuomba, akasema, "Mwambie tu. Watoto wa bendi hawanunui mafuta."

Basi shika haya, mwanangu. Mkono wa tromboni ni krimu ya uso, kidogo mno, na maji juu yake. Vibonyezo vya tarumbeta havitaki krimu, vitaziba. Vyenyewe ni tone la mafuta mepesi, na kama ya skuli yamekwisha, haya ya cherehani yanafaa. Nazi iache kwenye nywele. Mafuta ya karafuu yanatafuna rangi ya chombo. Na samli usithubutu, muulize Hamza habari za sisimizi.

Na atakapokuja mtu anayekupenda akakupaka mafuta yasiyo yako, mshukuru kwanza, ndipo utafute kitambaa ufute. Ukifuta kwanza, shukurani haitatoka tena. Mimi ilikuwa karibu inipite, na Mzee Feruzi ndiye aliyenizuia kwa kauli moja. Namshukuru mpaka leo, ingawa ananipa mazoezi siku za mapumziko.

Nenda sasa kapulize. Mungu akupe pumzi ndefu na midomo isiyopasuka, akuwekee mwalimu wa kukukata kauli pale unapostahili, na nyumbani akubakishie mtu wa kukufungulia kasha lake.