Daraja la Filamu na Mlango wa Pili

Keti karibu nikueleze taratibu, maana jambo hili ukilisikia nusu utadhani lilikuwa ugomvi wa maandamano tu.

Kwenye ploti yetu, jengo la vyumba vya kupanga hapa Pipeline, grupu ya wapangaji kwenye simu ilianzishwa kwa ajili ya maji. Anayesikia mfereji ukikoroma kwanza huandika "Maji!" na ngazi zote hujaa mitungi. Siasa ziliingia baadaye, zikapitia kwenye tamthilia.

Ilikuwa tamthilia ya mfalme katili na vijana waliofunga daraja la mji wake. Niliitazama kwangu na jirani wa mlango wa pili, mama anayeuza viatu vya mitumba Gikomba. Yeye hakuwa na televisheni, nami sikuwa na mtu wa kucheka naye. Aliniita dada. Vijana walipofunga daraja, alipiga vigelegele hadi ukuta ukagongwa.

Wiki hiyohiyo vijana wetu, wakiandamana kuipinga serikali, wakafunga barabara ya kwenda mjini. Jirani akaandika kwenye grupu: "Waandamane, lakini wasifunge barabara. Tutauza wapi?"

Msimamizi wa grupu, karani wa ghorofa ya nne, akamrukia, akimwita mathe kama vijana wanavyowaita akina mama. "Mathe, juzi tulisikia vigelegele. Ama wale wa filamu ndio wasafi?"

"Daraja la filamu halikuzuia viatu vyangu."

Watu wakacheka. Laiti tungeishia hapo! Lakini mimi ni mwalimu, na kueleza ni ugonjwa wangu. Nikaandika, kwa upole, kwamba maandamano yasiyomsumbua mtu hayasikiki, na kwamba mtawala wa mabavu hupenda sana barabara tulivu. Bado naamini hivyo. Ila kila aliyeandika baada yangu aliyashika maneno yangu kama rungu.

"Umesikia mwalimu, mathe?"

"Huyo ni wa serikali, mwacheni."

"Uza viatu, nchi tuachie sisi."

Mwishowe karani akaandika, "Hapa hatutaki watetezi wa udikteta," akamtoa kwenye grupu bila kumuuliza mtu. Hakuna aliyeona kichekesho.

Asubuhi nilipanda kwa karani kumwomba amrudishe.

"Tutapiga kura, mwalimu," akasema. "Hii ni demokrasia."

Kura ikapigwa humo humo kwenye grupu, mahali ambapo jirani mwenyewe hakuwepo kujitetea. Wachache walisema arudi. Wengi walinyamaza, na karani akahesabu ukimya kuwa hapana.

Tangu hapo maji yakija nilikuwa nikimgongea jirani mlango. Alifungua, akachukua mitungi yake, akasema, "Asante, mwalimu." Lile neno "dada" lilikuwa limekwisha. Nilimkaribisha kwenye tamthilia, akasema macho yanamuuma.

Mwisho wa mwezi alihamia Majengo, karibu na kibanda chake cha Gikomba. Nilimsaidia kushusha magunia. Tulipofika chini nikaanza tena kumfafanulia nilichokusudia siku ile. Akaniwekea mkono begani.

"Ulichokusudia nilikielewa," akasema. "Na mimi je, ulinielewa? Msichana wangu alikuwa pale barabarani, mstari wa mbele. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfunga kitambaa usoni na kumpa chupa ya maji. Barabara ikifungwa, bunduki huja. Hilo ndilo nililoogopa."

"Mbona ulitaja viatu?"

"Ningeandikaje hofu ya mtoto wangu mbele ya ploti nzima? Nilidhani wewe utakuja uniulize."

Msichana alirudi salama siku ile, nashukuru Mungu. Lakini mama yake hakurudi kwenye sofa yangu, na mwisho wa yule mfalme sikuutazama. Tulikuwa tumetenganishwa na ukuta mmoja tu, nami usiku ule wa mabishano nilikaa upande wangu nikiandika kwenye simu.

Basi neno la jirani likikuudhi kwenye simu, usilijibu. Iweke simu mezani, toka nje, gonga mlango wake, umuulize anaogopa nini.