Vyuo Viwili vya Ibtisam

Barua mbili zilimfikia Ibtisam Amour katika juma moja, zote kwenye simu, zote za kumkubali asome shahada ya uzamili ya anthropolojia. Ya kwanza ilitoka chuo kimoja cha Ulaya, kwa Profesa Henrik, na ufadhili wake ulikuwa wa kila kitu, hadi koti la baridi. Ya pili ilitoka chuo cha bara, humu humu Tanzania, kwa mwanamke aliyejiita Dokta Getrude. Ilikuwa na mistari minne tu: umekubaliwa, msimamizi wako ni mimi, ufadhili hakuna, nipigie kabla hujathibitisha.

Nyumbani Kilindoni, kisiwani Mafia, hakuna aliyeona kwamba hapo pana jambo la kuchagua. Ami yake, Sabri, ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba tangu baba yake Ibtisam alipofariki, naye alilimaliza shauri akiwa bado anatafuna chapati ya asubuhi.

"Utakwenda Ulaya," alisema. "Kule hata Mafia hawaijui iko wapi. Andika utakavyo, nani atakusoma?"

"Kitabu cha kwanza nacho kiliandikwa kule, ami."

Sabri akaacha kutafuna. Mama yake Ibtisam, Bi Aziza, aliyekuwa akimimina chai, akasita na birika mkononi. Kitabu kile kilikuwa hakitajwi katika nyumba ile.

Kilianza hivi. Miaka kumi na miwili nyuma, Ibtisam alipokuwa amemaliza kidato cha sita akisubiri majibu, Henrik alikuja kisiwani kuchunguza maisha ya watu wa mashamba ya minazi. Akapokelewa na familia yao, akapewa chumba cha uani, akala mezani kwao miezi minane. Kiswahili chake wakati huo kilikuwa cha kuombea maji, basi Ibtisam akawa mkalimani wake. Na mtu aliyemkalimania kuliko wote alikuwa Bi Kijakazi.

Bi Kijakazi alikaa katika shamba lao la Kiegeani, nyuma ya banda la kukaushia mbata. Wazee wake walikuwa watumwa wa babu wa babu yake Ibtisam, yule aliyetoka Omani, na ingawa utumwa ulikwisha zamani, wao hawakuondoka. Bibi huyu alimlea baba yake Ibtisam, kisha akamlea Ibtisam mwenyewe. Kwa sababu mtoto aliyemlea ndiye aliyekuwa akiuliza, alisema. Alisema kwamba kwenye karamu za nyumba kubwa wao walikula uani, baada ya wageni kunawa. Alisema mama yake alipokufa, akiwa amewauguza wakubwa wa vizazi viwili, alinyimwa nafasi katika makaburi ya familia. Alisema kipande cha shamba upande wa kaskazini baba yake alipewa kwa mdomo mbele ya watu, na kwa mdomo huo huo kikachukuliwa.

Henrik aliahidi kulificha jina la bibi kitabuni. Akalificha kweli, akamwita Mwanaidi. Lakini aliandika kwamba Mwanaidi ana kidole kimoja kilichokatwa kwa panga la kufulia nazi, kwamba anakaa nyuma ya banda la mbata, na kwamba alimnyonyesha bwana wa nyumba. Siku binamu mmoja aliyesoma bara alipokikuta kitabu maktabani na kuwasomea watu wa nyumbani kwa simu, akitafsiri sentensi baada ya sentensi, hakuna aliyeuliza Mwanaidi ni nani. Kesho yake Sabri alikwenda Kiegeani na vijana wawili wakatoa vyombo vya bibi nje. Bi Kijakazi akavuka kwenda kisiwa cha Juani, kwa mpwa wake. Ibtisam alikuwa chuoni akisomea ualimu. Aliporudi likizo alielezwa, akalia, na hakwenda Juani. Miaka minane ilipita hakwenda.

Sasa ilimbidi aende, kwani mada aliyoiombea nafasi katika vyuo vyote viwili ilikuwa ni hiyo hiyo: maisha ya wazao wa watumwa kwenye mashamba ya minazi, kwa kumfuata mwanamke mmoja. Na vyuo vyote viwili vilitaka fomu ya ridhaa.

Jumamosi alichukua bodaboda hadi Utende, akapanda mashua na kina mama waliokuwa wakirudi na unga na mafuta ya taa, akashuka Juani maji yakiwa magotini. Alimkuta Bi Kijakazi barazani, miguu ameinyoosha, anasuka ukili wa mkeka. Alikuwa amepungua. Mikono tu ndiyo ilikuwa ile ile.

"Shikamoo, bibi."

Bi Kijakazi aliendelea kusuka. Ibtisam akabaki amesimama na kiatu mkononi, akingoja marahaba, mpaka akaelewa kwamba haitakuja.

"Umekuja na karatasi," bibi alisema mwishowe. Alikuwa ameiona bahasha.

"Nimepata nafasi ya kusoma, bibi. Nataka safari hii yaandikwe sawasawa. Nitaandika mimi, si yule mzungu."

"Yaandikwe nini?"

"Habari zako. Haki yako."

Bibi akacheka, kicheko kikavu kisichofika machoni. "Mara ya kwanza uliniuliza nikakujibu, nikatolewa nyumbani na sufuria zangu. Sasa umekuja kuniuliza na huku nako nitolewe?"

"Sikujua kama wangekufanyia vile."

"Hukujua. Umekulia nyumba ile, unawajua mpaka wanavyokohoa, halafu hukujua." Akauvuta ukili kwa nguvu. "Na kitabu chenyewe, mimi nilikisoma? Kimeandikwa kwa lugha ya kwao. Maisha yangu, kidole changu, maiti ya mama yangu, vyote viko mle, na mimi siwezi hata kukifungua nikaona nimesemwaje. Nyinyi ndio mnasomana."

Ibtisam alitaka kukaa chini. Hakuna aliyemkaribisha, akakaa hivyo hivyo, kwenye ukingo wa baraza, kama mgeni wa mara ya kwanza.

"Nikuulize na mimi," alisema Bi Kijakazi. "Kila anayesoma masomo hayo anakuja kwetu. Tunalala wapi, tunakula nini, tunazikwa wapi. Kwani kwenu hakuna habari? Nani alisema sisi tule uani? Alisemaje? Waliokuwa ndani walikuwa wakizungumza nini wakati sisi tuko nje? Hayo mimi siyajui, nilikuwa nje. Wewe ulikuwa ndani. Mbona hujiulizi wewe?"

Kisha akaupinda ukili, akauweka kando, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Jina langu usilitaje tena. Wala kwa jina la uongo. Mashua ya mwisho ni baada ya alasiri, usije ukakosa."

Ndiyo ilikuwa ridhaa yake. Mle chomboni, fomu ikiwa imelowa pembeni, Ibtisam alikasirika njia nzima. Kwanza alimkasirikia bibi, kisha Henrik, na walipofika Utende hakuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia isipokuwa yeye mwenyewe.

Jumatatu, baada ya vipindi, alijifungia katika maabara ya shule aliyokuwa akifundisha, ambayo haikuwa na mtu, akampigia Henrik. Uso wa profesa ulitokea kwenye simu, ndevu sasa nyeupe, nyuma yake rafu za vitabu. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka.

"Nimebadilisha mada," Ibtisam alimwambia. "Nataka kuichunguza nyumba yetu. Wenye mashamba wenyewe: walivyojifunza kuwa wakubwa, na wanavyowafundisha watoto wao mpaka leo."

Henrik akavua miwani. "Ibtisam, ufadhili umetolewa kwa sababu ya Mwanaidi. Watu wanataka kujua amefikia wapi. Ni wewe tu unayeweza kumfikia."

"Amefikia Juani. Alifukuzwa kwa sababu ya ukurasa wako wa mia na kumi na mbili."

Henrik akairudisha miwani usoni. "Nilifuata taratibu zote za wakati ule," alisema taratibu. "Na nyumba yako huwezi kuichunguza. Utakosa umbali na unaowaandika."

"Wewe ulikuwa na umbali gani? Ulilala kitandani kwetu, ukala samaki wa mama yangu."

"Unanilaumu mimi, na wewe ndiye uliyetafsiri."

Lilimwingia mahali pake, kwa kuwa lilikuwa kweli. Alisema tu kwamba asimhesabu, akaaga kwa adabu kama alivyofundishwa, akakata.

Alipompigia Dokta Getrude alitarajia afadhali. Hakuipata.

"Watoto wa wenye mashamba hunijia kila mwaka," ilisema sauti ya bara, nzito, bila salamu ndefu. "Wote wanataka kuandika juu ya maskini wao. Nilikukubali ili unipigie nikukatalie kwa mdomo wangu."

"Sitaki tena kuandika juu yao."

"Unataka nini?"

Ibtisam akaeleza. Akaeleza na ya Juani, na ya kitabu, na ya kutafsiri, hakujipamba.

"Ami yako atakubali?"

"Hatakubali."

"Basi hapo umeshapata sura ya kwanza," alisema Dokta Getrude. "Sikiliza. Kila utakayemwandika, utamsomea ulichoandika, kwa Kiswahili, mbele yake. Akisema futa, unafuta. Akikataa, humwandiki, hata akiwa mama yako. Tasnifu ya Kiswahili idara itaipinga, tutagombana nao mimi na wewe. Na usidhani nimekuhurumia. Ukija na machozi badala ya kazi nakurudisha Mafia kwa boti ya kwanza."

Hakuna neno jema hata moja alilopewa katika maongezi yale, lakini alipoweka simu chini alikuwa ameshachagua.

Kumweleza Sabri kulichukua muda mfupi kuliko alivyoogopa. Alimsikiliza hadi mwisho, na wekundu ukampanda polepole kutoka shingoni.

"Unaiacha Ulaya, kila kitu bure," alisema, "ili ukakae bara kwa mwanamke asiyekujua, akufundishe kutuvua nguo?"

"Kukuuliza maswali, ami. Ukikataa kujibu, sitakuandika."

"Nakataa! Na nyumba hii inakataa. Hakuna atakayefungua mdomo wake humu. Ukitoka na hayo masomo yako, chumba chako atapewa mwingine."

"Kama alivyotolewa Bi Kijakazi kule Kiegeani?"

Kofi lilikuwa karibu. Aliuona mkono ukinyanyuka, ukasimama hewani, ukashuka na kuchukua kofia juu ya meza. Sabri akatoka, mlango ukagonga ukutani ukarudi. Tangu siku ile hakusema naye. Akimkuta sebuleni huondoka. Akimhitaji humtuma mtu. Shangazi zake wakafuata mkondo. Kwenye harusi ya binamu, mwezi uliofuata, Ibtisam aliketi mwisho wa mkeka na pande zake zote mbili palikuwa patupu.

Aliandika barua mbili. Kwa Henrik alikataa kwa mistari michache. Kwa Dokta Getrude alithibitisha. Shule ikampa ruhusa bila malipo, na mwalimu mkuu akamwambia kwamba hajaona ujinga wa namna hiyo.

Siku mbili kabla ya safari alikuwa akifunga begi. Bi Aziza aliingia, akasimama karibu na dirisha, mikono kifuani. Kwa majuma yote yale hakuwa amesema lolote, si la kumtetea wala la kumlaumu, na Ibtisam alikuwa ameanza kumchukia kwa ukimya ule.

"Umekwenda kumuuliza Kijakazi," alisema mama, kwa hasira. "Umemuuliza ami yako. Utawauliza na shangazi zako wakutemee mate. Mimi je?"

"Mama, ami amesema nyumba nzima inakataa."

"Aliniuliza mimi?" Sauti yake ilipanda kuliko Ibtisam alivyowahi kuisikia. "Nimeletwa humu na miaka kumi na saba. Mwaka mzima sikulishwa sahani moja na bibi yako mzaa baba, kwa kuwa mama yangu ni mtu wa Chole na hakuna aliyeijua nasaba yake. Unajua nilikula wapi? Unajua nilikula na nani?"

Ibtisam alikuwa ameshika kanga iliyokunjwa nusu. Hakujua.

"Basi kaa," alisema Bi Aziza, na mwenyewe akavuta kigoda. "Na uandike nikwambiavyo. Usinipambe."