Siku Mugo Alipofuta Sauti ya Cucu

Nakumbuka, mwanangu, siku ambayo mdogo wangu Mugo alifuta sauti ya Cucu. Tulikuwa na duka dogo la kompyuta pale Karurumo, na nilikuwa nimemrekodi nyanya yetu, Cucu Wanja wa Ishiara, akisimulia mambo ya ukoo wetu tangu mwanzo. Rekodi ilikuwa moja tu. Ili niipate haraka, niliweka viungo vyake kwenye folda ya nyumbani, ya kanisa na ya harusi yangu.

Kiungo ni nini? Usiogope, si jambo kubwa. Ni faili dogo sana, ndani halina sauti wala picha, lina njia tu ya kufika kwa faili lenyewe. Ukilibofya, kompyuta inaifuata njia hiyo na kukufungulia, mpaka unadhani kitu kiko hapo hapo. Ukifuta kiungo, hakuna kilichoharibika. Ukifuta faili lenyewe, kiungo kinabaki na jina lake, kinakuelekeza mahali ambapo hapana kitu.

Sasa Mugo, maskini, aliona kompyuta imejaa. Akaona "Cucu" kila mahali, akadhani zote ni nakala, akafuta ile nzito na kumwaga hata pipa la taka. Nilipobofya, kimya. Nikajaribu viungo vyote, kimya. Nililia, kisha nikamgombeza mpaka wateja wakatoka.

Kesho yake tulienda Ishiara kumwambia Cucu, wanyonge kabisa. Mimi ni Wanja kwa sababu yake. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na baba yangu aliniita "mama" maisha yake yote. Cucu alicheka mpaka akakohoa, halafu akanishika mkono.

"Wewe umebeba jina langu. Siku nitakayokuwa sipo, mtu akikuita, atakuta nini ndani?"

Nilikuwa nimemrekodi, lakini sikuwa nimemsikiliza. Basi akanipa ungo wa ndengu nipepete, akaanza upya, na safari hii nilisikiliza. Mugo ndiye aliyerekodi, hakuinuka kwenye kigoda hata mara moja.

Kwa hivyo, mwanangu, kabla hujafuta kitu, hakikisha kama ni chenyewe au ni kiungo. Cha maana kitolee nakala ya kweli, uiweke kwingine. Na wewe uliyepewa jina la mtu, nenda ukaketi naye angali anaongea. Cucu tulimzika zamani, nami bado namlilia. Lakini wakiita Wanja naitika, na ninalo la kuwaambia. Mungu akupe wengi wa kukuita, mpenzi wangu, na asikunyime la kuwajibu.