Stesheni Isiyo na Abiria

Kaka yangu Jamaldin alipakia mizigo kwenye treni hapa kisiwani mpaka abiria walipohamishiwa stesheni mpya ya Miritini, bara. Alipostaafu akaanza kuijenga upya stesheni ya zamani, ndogo, juu ya meza ya chumba cha juu, nyumbani kwetu Kibokoni. Reli alizitengeneza kwa makopo ya maziwa, viti kwa njiti za kiberiti, na kutu aliipaka kwa majani ya chai na masizi. Ukiinama kutazama, utaapa treni imeondoka sasa hivi.

Watu tu ndio hawakuwapo. Sanamu ya kiumbe haingii nyumbani kwetu, na Jamaldin ni mtu wa msikitini. Badala yake aliweka jukwaani mizigo ya watu tunaowajua.

Wa kwanza alikuwa Bi Mwanaesha, muuza mahamri. Alicheka kuona kikapu chake kimekuwa kama punje ya kunde. Mwezi haukuisha, tukamzika. Akafuata Ubaid fundi saa, bakora yake imeegemezwa ukutani mwa stesheni; naye tukamzika. Barazani watu walianza kwa mzaha: "Jamaldin, mimi usinikatie tiketi!" Kisha mzaha ukaisha, wakawa wanamkwepa njiani. Nilikasirika. Wazee kufa, ajabu gani? Lakini mzigo wa tatu ulinitia baridi: sanduku jekundu la Khairiya, mkewe.

Daktari alipomwambia wifi yangu kwamba lazima apasuliwe moyo, hakulia. Alipanda ngazi akitweta, akamwonyesha mumewe lile sanduku.

"Baba Faiz, nitowe hapo."

"Sikutowi. Nikikutowa, nimekiri kuwa njiti na gundi zina amri juu ya roho. Hiyo ni shirki, Mama Faiz."

"Basi nitowe kwa sababu naogopa."

Jamaldin akaliacha sanduku palepale. Nilimwita mkaidi, moyo wa jiwe, mbele ya mkewe, nami ni mdogo wake. Alikuwa akimtazama Khairiya anavyoshuka, mkono ukutani.

Siku ya upasuaji kaka alikuwa hospitali, mimi nikabaki kufagia nyumba. Nikapanda juu, nimeazimia kulitoa lile sanduku mwenyewe. Dhambi na iwe yangu. Lilikuwa palepale. Lakini mbele yake, ukingoni kabisa mwa jukwaa, palikuwa na jozi ya makubadhi madogo, gundi haijakauka. Ukanda wa kulia ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa buluu, kama wa makubadhi ya kaka yangu.

Alikuwa amejitanguliza mbele ya mkewe. Sikuligusa sanduku; nilikaa sakafuni nikalia, maana niliyemwita jiwe alikuwa akiogopa kuliko sisi sote.

Khairiya alirudi mzima, alhamdulillahi, na mtaa mzima ukaja kumjulia hali. Wageni walipoondoka, Jamaldin, aliyejua kuwa nilipanda juu, alinivuta kando.

"Fadhiya, habari ya makubadhi usimwambie."

Sijamwambia. Ila siku hizi kila alfajiri siteleki chai mpaka nimsikie kaka akikohoa ng'ambo ya ukuta.